Remmy Ongala, sauti ya wanyonge

Leo tunamkumbuka Remmy Ongala. Alizaliwa 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, eneo linalozungumza Kiswahili, akafiwa na wazazi akiwa bado mtoto. Muziki ndio uliomlea. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kuimba na Orchestra Makassy, kisha akaongoza bendi iliyobeba jina la Matimila, kama Matimila ya huku kwetu Songea.

Enzi za disko, yeye aliimba Kiswahili juu ya umaskini na kifo. Ukimwi ulipoanza kuua, akatoa "Mambo kwa Soksi" kuhimiza kondomu. Redio ya taifa haikuupiga. Watu wakausikiliza kwenye kanda.

Alifariki Desemba 2010. Leo tunataja kondomu hewani bila kigugumizi. Njia hiyo aliifyeka yeye.