Kasa-Vubu, karani wa fedha aliyekuwa rais wa kwanza wa Kongo

Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo, alifariki Machi 24, 1969 mjini Boma. Aliijua serikali kutoka ofisi ya chini hadi ikulu, na mara mbili alinaswa na swali moja: nani ana mamlaka gani?

Mzaliwa wa Mayombe, Bas-Congo, alisoma seminari, kisha akafundisha. Mwaka 1942 aliingia idara ya fedha ya serikali ya kikoloni mjini Léopoldville, leo Kinshasa. Alikuwa karani, wakati huo vyeo vya juu vilikuwa vya Wabelgiji. Mwaka 1954 alichukua uongozi wa ABAKO. Uchaguzi wa komini wa Desemba 1957 ulimfanya burugumesta wa Dendale, na katika hotuba yake ya kuapishwa Aprili 1958 alidai Wakongo wajitawale.

Juni 30, 1960, nchi ilipata uhuru ikiwa na majimbo sita, kila moja na serikali na bunge lake. Sheria ya Msingi iliyotungwa Ubelgiji iliweka rais na waziri mkuu, lakini mipaka kati yao haikuwa wazi. Septemba 5, Kasa-Vubu alimfukuza Patrice Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba rais ameondolewa. Baraza la Wawakilishi likafuta maamuzi hayo. Wizara hazikujua zimtii nani, na Septemba 14 Kanali Mobutu akaingilia kati. Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga.

Miaka iliyofuata majimbo yaligawanywa hadi 21. Kivu ilizaa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kati na Maniema. Katiba ya Agosti 1, 1964 ilitambua majimbo hayo na kumpa rais nguvu zaidi juu ya waziri mkuu. Haikutosha. Oktoba 1965 Kasa-Vubu alimwondoa Moïse Tshombe na kumteua Évariste Kimba. Bunge lilimkataa Kimba. Rais akamteua tena. Novemba 24 Mobutu alichukua madaraka yote, na mwaka 1966 akapunguza majimbo hadi 12, kisha 8.

Kasa-Vubu alirudi Boma na kuishi kimya hadi kifo chake. Dendale leo inaitwa komini ya Kasa-Vubu. Kongo ina majimbo 26 tangu 2015, na kila gavana anapovutana na bunge la jimbo lake, swali la mwaka 1960 linarudi mezani.