Ramani Iliyomleta Krapf Kwetu

Ukitoka ibadani leo, uwe unaishi Kinyerezi, Temeke au Kinondoni, yaelekea mchana wanao watakaa mbele ya runinga, au mmoja atakuomba simu atazame filamu. Wewe utaona anapoteza muda tu. Lakini muulize rubani au daktari alianzaje kuipenda kazi yake. Wengine watakutajia filamu waliyoiona wakiwa darasa la pili.

Kabla filamu hazijakuwapo, kazi hiyo ilifanywa na vitabu na ramani. Leo nakuletea maisha ya mtoto mmoja aliyewashwa moto na ramani, akaja kuanza kazi ya kuitafsiri Biblia katika Kiswahili.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi sita. Akiwa kitandani alisoma Biblia, hasa habari za mababu wa imani. Alipopona, aliwasimulia wavunaji shambani yale aliyoyasoma.

Baadaye akapelekwa shule Tübingen, na baba yake akampatia kitabu cha ramani. Kijana alipofungua Afrika, aliona kwamba upande wa mashariki, kuelekea nchi ya Wasomali, majina yalikuwa machache mno. Akajiuliza huko kuna nini. Labda kumejaa fisi! Akapata kitabu cha safari za James Bruce, Mskoti aliyefika Habeshi, na humo akawakuta fisi kweli. Tangu hapo akatamani kuwa nahodha wa meli, azione nchi za mbali. Gharama za masomo hayo zikamshinda baba yake, na kijana akahuzunika.

Ndipo siku moja mkuu wa shule akawasomea wanafunzi habari za wamisionari. Hamu ya nchi za mbali na upendo wa Neno vikakutana ndani ya moyo mmoja.

Msomaji wangu, tazama Mungu alivyofanya kazi. Mkulima alimpa mwanawe ramani, mwalimu akasoma karatasi darasani. Hakuna kati yao aliyejua anawasha nini.

Mwaka 1837, akitumwa na CMS, shirika la umisionari la Kanisa Anglikana la Uingereza, Krapf alifika Habeshi, nchi ileile ya kitabu cha utotoni. Alipofukuzwa huko hakurudi nyuma. Januari 1844 akafika Zanzibar, kisha akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosina. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani. Rosina alikufa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi.

Hapo ndipo penye mtihani. Shauku ya utoto ingeweza kuishia kaburini pale. Lakini Krapf aliandika Uingereza kwamba kaburi lile liwe ishara ya vita vilivyoanza, si ya kushindwa. Mwaka 1846, yeye na Johann Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai. Desemba 1849 akauona Mlima Kenya, ingawa wataalamu wa Ulaya walibisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Mwaka 1850 ikachapishwa sarufi yake ya Kiswahili. Walioongoka walihesabika kwa vidole, na afya mbovu ikamrudisha kwao. Alifariki Novemba 26, 1881, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Tunajifunza nini? Kwanza, usidharau kinachomvutia mtoto. Krapf hakuanza na wito mtakatifu. Alianza na fisi! Mwanao akipenda filamu za ndege au za wanyama, muulize amependa nini, kisha mtafutie kitabu.

Pili, cheche bila kuni huzimika. Ramani ilimkuta mtoto ambaye tayari Neno lilikuwa ndani yake. Mtume Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyoanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Imani hiyo ilipandwa nyumbani kabla Paulo hajamchukua safarini.

Tatu, kumbuka kwamba moto hauchagui kuni. Mtoto anayeshinda kibanda umiza akitazama damu ikimwagika naye anapandwa kitu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo leo mchana usimwachie simu ukaenda kulala. Kaa naye, mtazame pamoja, umuulize amejifunza nini, kisha mwombe Mungu pamoja. Huenda umeketi karibu na mtu ambaye taifa fulani linamsubiri. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.