Peter Tosh: Haki kwanza, amani baadaye

Wadau, picha ya Bob Marley ipo kila kona. Kwenye tisheti, kwenye daladala, ukutani kwa kinyozi. Sawa, anastahili. Lakini leo tumwongelee mshikaji aliyesimama pembeni yake, ambaye wengi tunaimba nyimbo zake bila kumjua: Peter Tosh.

Jina lake halisi ni Winston Hubert McIntosh, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1944 huko Westmoreland, magharibi mwa Jamaika. Alilelewa na ndugu, na ujana ukamkuta Trench Town, mtaa wa walalahoi jijini Kingston. Huko akakutana na Bob na Bunny Wailer, na mwimbaji Joe Higgs akawanoa. Mwaka 1963 wakaanzisha kundi la Wailers. Peter, jamaa mrefu kuliko wenzake, alikuwa fundi wa gitaa.

Mwaka 1973 walitoa Catch a Fire na Burnin', dunia ikawasikia. Get Up, Stand Up aliutunga pamoja na Bob. Lakini jina la Bob likazidi kuwekwa mbele, Peter akaona anafanywa msindikizaji kwenye kundi aliloanzisha mwenyewe. Mwaka 1974 akajitoa.

Vijana wengi wanamjua kwa Legalize It ya 1976, kwa sababu ya bangi. Mimi nasema kazi yake kubwa ni ile ya mwaka uliofuata, Equal Rights. Nyimbo 8 tu, Sly Dunbar akiwa kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi. Kumbuka hali ilivyokuwa: Juni 1976 wanafunzi walipigwa risasi Soweto, na Mandela alikuwa kifungoni Robben Island. Peter akawapa makaburu wimbo mzima, unaoitwa Apartheid. Katika African anamkumbusha mtu mweusi wa ughaibuni asili yake. Na wimbo uliobeba jina la albamu ndio wenye hoja kuu: kuhubiri amani huku unakwepa haki ni kudanganyana.

Kusema hayo studio ni rahisi, ngoma ni kuyasema mbele ya wakubwa. Tarehe 22 Aprili 1978 lilifanyika tamasha la amani Kingston, maana wafuasi wa vyama viwili walikuwa wanauana mitaani. Waziri Mkuu Michael Manley alikuwepo, na kiongozi wa upinzani Edward Seaga pia. Usiku huo Bob aliwashikanisha mikono jukwaani, na picha hiyo ndiyo iliyobaki. Ila kabla yake Peter alishapanda, akawasha msokoto hadharani na kuwachana wote wawili kuhusu umaskini na polisi wanaoonea watu wa chini. Hakuchagua upande.

Haikuchukua muda. Septemba mwaka huohuo polisi walimkamata Kingston, wakampiga nusu ya kufa, wakamvunja mkono na kumpasua kichwa. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa alipona kwa kujifanya amekufa. Na hakunyamaza. Mwaka huohuo alitoa Bush Doctor kupitia kampuni ya Rolling Stones, akaimba na Mick Jagger.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mkali, na aligombana na waliompenda pia. Lakini mwisho wake unauma. Tarehe 11 Septemba 1987 watu watatu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Kingston wakitaka pesa. Mmoja wao alikuwa jamaa ambaye Peter alimsaidia alipotoka jela. Walimwua yeye pamoja na wenzake wawili. Alikuwa na miaka 42.

Mwaka uliofuata albamu yake No Nuclear War ikapata tuzo ya Grammy. Mandela akatoka jela 1990. Mwaka 2012 serikali ya Jamaika ikampa nishani ya heshima, na 2015 ikalegeza sheria ya bangi. Yaani nchi ambayo polisi wake walimvunja mkono ilikuja kumvisha nishani akiwa kaburini.

Sasa nyie wadau, tukisikia wakubwa wanatuhimiza kudumisha amani, tuwaulize nini kuhusu haki? Tafuteni Equal Rights, isikilizeni mpaka mwisho, halafu tuendelee na mjadala.