Anthony Allison: Kijana wa Gilgil aliyetegua kitendawili cha damu na malaria

BARABARA ya Chebilat-Ikonge-Chabera huanzia mpakani mwa Nyamira na nchi ya Wakipsigis, hupita Ikonge katikati ya mashamba ya chai, kisha huteremka kuelekea kwa Wajaluo wa Rachuonyo na bonde la Ziwa Victoria. Anayeifuata hana haja ya kuambiwa kwamba mbu wanaongezeka. Masikio yake yatamjulisha. Lakini nchi inaposhuka hivyo, kuna jambo lingine libadilikalo ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo limo ndani ya damu ya wakazi wenyewe. Mtu aliyelieleza kwanza alikuwa Anthony Clifford Allison.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa kwenye shamba la wazazi wake huko Gilgil, juu ya Bonde la Ufa. Angali kijana alitembelea machimbo ya Olorgesailie ambako Louis Leakey alikuwa akifukua zana za mawe za binadamu wa kale, na hapo ndipo hamu ya kujua chimbuko la mwanadamu ilipomshika. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford.

Mwaka 1949 wanafunzi wa Oxford walifunga safari ya utafiti hadi Mlima Kenya. Wenzake walikwenda kutafuta mimea na wadudu. Allison alikusanya damu. Alikuwa akipima makundi ya damu ya makabila mbalimbali, na pamoja na hayo akaamua kutazama kama chembechembe nyekundu hujikunja mfano wa mundu zinaponyimwa oksijeni. Hiyo ndiyo dalili ya selimundu, hitilafu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni mwilini.

Matokeo yalimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 katika kila 5 alikuwa na hitilafu hiyo. Katika nyanda za juu hawakufika hata 1 katika 100. Lugha haikuwa sababu, wala nasaba. Kilichofuatana na hitilafu hiyo kila mahali kilikuwa malaria.

Swali lilikuwa zito. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, na enzi hizo wengi walikufa kabla ya kukua. Mbona basi jeni inayoua haikutoweka vizazi vingi vilivyopita? Jibu la Allison ni kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Jeni hiyo inawaua watoto wachache na kuwaokoa wengi, na penye mbu wengi hesabu hiyo huiweka hai.

Hakuharakisha kutangaza. Alirudi Oxford kumaliza masomo ya udaktari, kisha mwaka 1953 akarejea Afrika Mashariki. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Miongoni mwa 43 wenye jeni moja ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Baadaye Wajaluo 30 wa kujitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni hiyo, 14 waliugua. Kati ya 15 waliokuwa nayo, ni 2 pekee. Jina la Allison limo katika vitabu vya baiolojia kote duniani. Ya wale 30 hayamo, na mwandishi huyu anaona hilo ni deni.

Makala yake yalichapishwa mwaka 1954, na wengi hawakushawishika. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walirudia jaribio hilo bila kuona tofauti. Huko Kampala, Alan Raper alidhani kwamba kinga hiyo haizuii maambukizi, ila humwepusha mtu na malaria kali. Miaka ilimpa haki. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa jeni moja ya selimundu hupunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, na ile kali kwa karibu asilimia 90. Ulionyesha pia kwamba kinga hiyo huongezeka kadiri mtoto anavyokua, ishara kwamba himoglobini haifanyi kazi peke yake bali hushirikiana na kinga ambayo mwili hujifunza. Chembe iliyoambukizwa hujikunja, na wengu huiondoa kabla vimelea havijakomaa.

Wakazi wa nyanda za juu hawakuhitaji silaha hiyo kwa karne nyingi, kwa kuwa baridi iliwakinga. Ndiyo maana malaria inapopanda mlima huwa na ukatili wa pekee. Mlipuko wa mwaka 1999 katika Gucha, jirani na Nyamira, uliwakuta watu ambao miili yao haikuwa imezoea vimelea hivyo, wakubwa kwa wadogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Allison alirudi Nairobi kuongoza ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, ambako kinga ya ng'ombe dhidi ya ndigana na nagana ndiyo ilikuwa kazi kuu. Na mifugo nayo ina hadithi yake ya himoglobini. Mwaka 1979 Preston na Allonby, waliofanya utafiti wao humu nchini, walichapisha matokeo kwamba kondoo wenye aina moja ya himoglobini walistahimili minyoo inayonyonya damu kuliko wenye aina nyingine, ingawa tafiti za kwingineko hazikukubaliana zote.

Kutoka Kabete alihamia California, kwenye kampuni ya dawa ya Syntex. Huko yeye na mkewe, mwanasayansi Elsie Eugui, walitengeneza dawa ya kutuliza kinga ya mwili ili isishambulie figo iliyopandikizwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na hadi leo waliopandikizwa figo huimeza, Kenya ikiwemo. Allison alifariki California tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88.