Ahmad bin Majid, Mualimu wa Bahari

Katika Waislamu waliodhulumiwa na ndimi za watu baada ya kufa kwao, yumo Shihab al-Din Ahmad bin Majid. Wengi katika sisi watu wa pwani hatumjui ila kwa jambo moja, nalo ni kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Na wako wazidishao kuwa alikuwa amelewa. Hata darsani petu hapa Baba Dogo, mbali na bahari, maneno haya hutajwa kana kwamba yamethibiti. Basi yapasa tumweleze mtu huyu.

Alizaliwa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, katika miaka ya 1430. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Sham. Naye hakutosheka na urithi huo. Aliyoyapokea aliyapima kwa safari zake mwenyewe, na palipokosewa akasahihisha. Alijua misimu ya kusi na kaskazi, na kuipima nyota kwa vidole au kwa kibao chenye uzi wa mafundo, ili chombo kijue kimefika wapi. Kiasi ya mwaka 1490 alikamilisha Kitab al-Fawaid, kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Tungo zake ni nyingi, na mmojawapo waeleza njia za pwani yetu mpaka Sofala.

Ama ile tuhuma, imetoka wapi? Imetoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baada ya safari ile, na ambaye mwaka 1498 hata kuzaliwa hakuwa amezaliwa. Wareno wenyewe hawamtaji Ibn Majid. Waandishi wao wasema rubani alikuwa mtu wa Gujarati, wakimwita Malemo Cana; na Malemo si jina, ni neno letu mualimu lililoharibiwa na ndimi zao. Mwaka 1922 Mfaransa Gabriel Ferrand aliziunganisha habari hizi mbili, na ulimwengu ukamfuata. Wataalamu wa baadaye wamelikataa jambo hilo, na Ibn Majid wakati ule alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi. Kumshuhudilia maiti Mwislamu ulevi kwa ushahidi wa namna hii ni jambo zito, wala dini yetu haikuturuhusu kupokea habari bila ya kuihakikisha.

Tena hata angekuwa ndiye, asingekuwa yeye sababu. Wareno walikwisha kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Walitaka pilipili na viungo bila ya kupitia Misri na Venice, ambako kila mkono ulizidisha bei. Tena walitafuta mfalme wa Kinasara wa kuwasaidia juu ya Waislamu. Vasco da Gama alipofika Mombasa, Aprili 1498, hakuaminiana na wenyeji. Akaenda Malindi, na Sultani wa Malindi, aliyekuwa na uadui na Mombasa, akamkaribisha. Rubani alipokawia, Mreno alimzuia chomboni mtu wa karibu wa Sultani mpaka akaletwa. Siku zisizozidi 30 walikuwa wamefika Calicut.

Yaliyofuata twayajua. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaiteka Mombasa na kuichoma moto. Bahari ambayo Ibn Majid aliisafiri bila ya kumwomba mtu ruhusa, ikawa vyombo vya Waislamu vyatakiwa kuchukua cheti cha Mreno, na kisicho nacho hutekwa. Malindi ilipata ilichokitaka: Mombasa ilivunjwa tena mwaka 1528 na 1589. Lakini mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao Mombasa, Sultani wa Malindi akahamishiwa huko chini ya mizinga yao, na mji wake wenyewe ukafifia.