Ludwig Guttmann, daktari aliyewainua walioumia uti wa mgongo

Ludwig Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 huko Tost, mji uliokuwa wa Ujerumani. Alikuwa daktari wa neva. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alilazimika kukimbilia Uingereza mwaka wa 1939.

Februari 1944 alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Zamani hizo, wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, kisha wafundishwe kukaa.

Lakini kukaa kulikuwa na hatari yake. Uti ukiumia karibu na shingo, ubongo hauwezi tena kuamuru mishipa ya damu ijikaze. Mgonjwa akiinuliwa ghafla, damu hubaki miguuni, presha hushuka, naye huzimia. Mwaka wa 1963, Guttmann na wenzake walitoa utafiti juu ya jambo hilo. Hadi leo wagonjwa hao huinuliwa polepole, hatua kwa hatua.

Michezo aliyoianzisha mwaka wa 1948, na wapiga mishale 16, ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Alifariki tarehe 18 Machi 1980.