Mekatilili wa Menza na Kiapo cha Kukataa

Mwanamke wa Kigiriama anayefika Biashara Street, pale Mji wa Kale wa Mombasa unapopakana na mji mpya, hana haraka ya kununua. Leso ataikunjua, aangalie pindo na mji wake, asome jina, airudishe, aende duka la pili. Iwapo anatafuta nguo ya kushonea hando, ile sketi fupi yenye marinda mengi ambayo siku hizi huonekana zaidi katika sherehe, ataulizia kitambaa cheupe cha pamba. Wazee wa pwani walikiita marekani kwa kuwa zamani kililetwa na merikebu kutoka Marekani. Makala haya yanaanzia kwenye kitambaa hicho kwa sababu kinaeleza jambo ambalo masimulizi mengi juu ya Mekatilili wa Menza hulipita upesi: Wagiriama walikuwa wakulima wenye ziada. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nafaka yao iliteremka hadi Takaungu, Malindi na Mombasa, na nguo ikapanda kwenda bara. Walivaa kwa jasho la mashamba yao wenyewe, wala hawakumhitaji bwana wa kuwalipa mshahara.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta hadhi ya utumwa kisheria katika ukanda wa pwani, na wenye mashamba wakakosa watu wa kuyalima. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Katika ukanda wa maili kumi waliotambuliwa kuwa wenye mali ni hasa Waarabu na Waswahili waliokuwa na ushahidi uliokubalika na maofisa, na ardhi iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mmijikenda aliyelima shamba la babu yake aliamka siku moja akaambiwa kuwa yeye ni mpangaji. Wakati huohuo Wazungu walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya mpira na pamba upande wa Malindi, nao walitaka vibarua. Mtu mwenye ghala la mahindi haendi kumlimia mwingine kwa rupia chache. Ilibidi kwanza apungukiwe.

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 akapewa jina la Mnyazi, binti wa Menza. Mwaka wenyewe wa kuzaliwa hutajwa kwa namna nyingi, nami sioni faida ya kuchagua mmoja. Inasimuliwa kwamba alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume, na kwamba mmoja wao, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, asionekane tena. Aliolewa, akajifungua Katilili, na kwa desturi ya Kigiriama akaitwa mama wa Katilili: Mekatilili. Alipoanza kusikika hadharani alikuwa mjane aliyekwisha kula chumvi nyingi. Hali hiyo ilimpa nafasi ya kusema mbele ya wanaume kuliko ambavyo mwanamwali angaliweza kuthubutu.

Mwaka 1912 aliletwa kwa Wagiriama ofisa kijana, Arthur Champion. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kuwapa nguvu machifu walioteuliwa na serikali, na kupata vijana wa kwenda mashambani na kwenye kazi za serikali. Juu ya hayo kulikuwa na mpango wa kuwahamisha Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kwenye udongo bora kuliko wote waliokuwa nao. Kodi, kazi na ardhi vilikuwa kamba moja yenye ncha tatu.

Mekatilili aliijibu kwa miguu yake. Alikwenda kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Uteuzi wa ngoma hiyo unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwa kuwa kifudu huita watu waliofiwa. Yeye aliwaita watu ambao maiti ilikuwa haijalazwa bado, akiwaonyesha kwamba kinachokaribia kufa ni umiliki wao wa shamba na wa watoto wao. Mnamo Julai na Agosti 1913 umati ulikusanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Akiwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwaongoza watu kula viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Waliokula kiapo waliahidi kutolipa kodi, kutowafanyia Wazungu kazi na kutowatii machifu wa serikali. Baada ya hapo Champion aliitisha vijana, vijana wasije.

Wapo wanaosimulia kwamba Mekatilili alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamtaka achukue kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini. Kuku akamdonoa, watu wakacheka. Wengine husema alimpiga kofi. Tunajua kutokana na Fumo Liyongo jinsi jamii inavyompa shujaa wake mwili mkubwa kuliko wa binadamu, wala sioni haya kuyapenda masimulizi hayo. Hata hivyo, kofi likikaa katikati ya hadithi, kiapo hukaa pembeni, na kiapo ndicho kilichoitikisa serikali. Polisi angeweza kumkamata mtu anayerusha mshale. Kumkamata kila mtu aliyekaa nyumbani kwake akipalilia shamba lake lilikuwa jambo jingine. Ilikuwa miaka minne kabla ya Gandhi kwenda Champaran nchini India, Aprili 1917, kuwasimamia wakulima waliolazimishwa na mabwana wa Kiingereza kupanda nili.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa kifungo cha uhamishoni cha miaka mitano, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani. Ni mwendo wa mamia ya kilomita, katika nchi ambayo lugha zake hawakuzijua, na mmoja wao ni bibi. Hapo masimulizi hayahitaji kuongezewa chumvi. Walikamatwa tena Agosti 1914, mwezi uleule ambao serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na vita vya Ulaya vikaanza.

Sasa damu ilimwagika. Serikali ilidai wapagazi wa vita, askari wakaingia vijijini, Wagiriama wakachukua mishale, na kikosi cha King's African Rifles kikaletwa. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakatekwa, watu wapatao 150 au zaidi wakauawa. Ni makosa kumfanya Mekatilili jemadari wa vita hivyo, maana kampeni yake mwenyewe ilikuwa ya kukataa, na vilipopamba moto alikuwa mikononi mwa serikali. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa wapagazi 1,000, na wale wa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama.

Matokeo yaliwaumiza hata walioamuru. Wakulima waliotolewa kwenye udongo mzuri hawakuwa na nafaka ya kuuza, wala hawakugeuka vibarua watiifu, njaa ikaingia. Mwishoni mwa muongo huo serikali ililegeza marufuku, watu wakavuka mto kurudi kaskazini. Walirudi kulima tu, bila hati, na neno skwota likaendelea kuwaandama wajukuu wao muda mrefu baada ya uhuru wa 1963.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurejea. Walikaa Kaya Fungo, yeye akiongoza baraza la wanawake na Wanje baraza la wanaume. Alifariki katikati ya miaka ya 1920. Malindi walimsimamishia sanamu mwaka 2010 katika bustani inayoitwa kwa jina lake, na kila Agosti wapo wanaokwenda kumkumbuka. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, kaskazini ya mto Sabaki.